SIKU YA PENSELI NA BIBLIA: JINSI YA KUWAANDALIA KINA MAMA WA KANISA

Huenda ukashangaa kuona mwanachama wa Chama cha Kiswahili akiandika juu ya penseli za rangi na kina mama wa kanisa badala ya ngeli au methali. Usinicheke. Mwalimu mlezi wa chama alituambia kwamba mara hii kila mmoja aeleze jambo analolijua kwa mikono yake mwenyewe, si lile alilonakili kitabuni. Wenzangu wamechagua ufugaji wa kuku, ufyatuaji wa matofali na kadhalika. Mimi ninalolijua ni hili: jinsi ya kuwakusanya kina mama, kila mmoja na Biblia yake, wakasikiliza kisa kimoja, kisha wakaandika na kuchora pambizoni yale yaliyowagusa. Nimeshiriki kuandaa mara mbili hapa kwetu Bokoli, Agosti na Desemba mwaka 2025. Mara ya kwanza niliharibu. Nitaeleza zote mbili, maana aliyejikwaa ndiye ajuaye mahali lilipo jiwe.

Wazo lenyewe lililetwa na senge, yaani dada yake baba, aliyekuja likizoni kutoka Nairobi. Alikuwa na Biblia ya Kiingereza ambayo pambizo zake, ile sehemu nyeupe iliyo kando ya maandishi, ni pana kama vidole vitatu. Ndani amechora taa, mashua, maua, na chini yake maneno machache kwa mkono wake. Alitueleza kwamba huko Marekani wachapishaji wamekuwa wakiuza Biblia za namna hiyo tangu miaka ya 2000, na wanawake hukutana makanisani au majumbani wakasoma pamoja na kuchora. Mama yangu ni katibu wa kina mama kanisani kwetu. Aliifungua ile Biblia ukurasa baada ya ukurasa asiseme kitu. Jioni tukiosha vyombo akaniambia, “Hata sisi tunaweza. Wewe si ndiye unajua kuchora? Utatusaidia.”

Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wazungu wenye nafasi. La hasha! Kule Ethiopia, katika monasteri ya Abba Garima karibu na mji wa Adwa, kuna vitabu vya Injili vilivyoandikwa kwa lugha ya Kigeezi juu ya ngozi ya mbuzi na kupambwa kwa picha za rangi. Wataalamu walipoipima ngozi ile waliona umri wake ni wa kati ya mwaka 330 na 650 hivi. Na hapa hapa Kenya, katika mji wa Siyu kisiwani Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili Kurani kwa mkono na kuzipamba kurasa zake kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Mkono wa Mwafrika ulikuwa umeshatia rangi kando ya neno takatifu kabla reli haijafika kwetu.

Tena usiende mbali. Ingia nyumba yoyote ya kina mama wa hapa, tazama vitambaa vya viti na vile vya ukutani. Utakuta maua, ndege wawili wanaotazamana, na aya ya Biblia iliyotariziwa kwa uzi. Katika nyumba ya kukhu, nyanya yangu mzaa baba, kuna kitambaa cheupe ukutani chenye mstari wa kwanza wa Zaburi ya 23 kwa herufi kubwa nyekundu. Alikitarizi mwenyewe kabla mimi sijazaliwa. Kikumbuke kitambaa hicho, msomaji, maana nitakirudia.

Kabla ya siku yenyewe tulipata pingamizi. Mzee mmoja wa kanisa alisikia habari, akaja nyumbani jioni, akaketi, akanywa chai hadi ikaisha ndipo akasema lililomleta. Biblia, alisema, si daftari la mtoto wa shule. Kuchorachora ndani yake ni kukosa heshima. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimejisomea maktaba, nikajitia kujibu. Nikamwambia kwamba hata nambari za aya hazikuwamo tangu mwanzo. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo unahusishwa na Stephen Langton, Mwingereza wa karne ya 13, na nambari za aya za Agano Jipya tulizozizoea zilitiwa na mchapishaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Vile vichwa vidogo vilivyo juu ya mafungu pia ni kazi ya wahariri. Kwa hiyo watu wamekuwa wakiweka alama zao ndani ya Biblia kwa miaka mingi!

Mzee alinitazama tu. Elimu yangu haikumwingia hata kidogo. Ndipo mama akamuuliza kwa upole, “Mzee, tarehe za kuzaliwa watoto wako umeziandika wapi?” Mzee akanyamaza, halafu akacheka hadi akakohoa. Zilikuwa kwenye ukurasa wa mbele wa Biblia yake, kifungua mimba hadi kitinda mimba, pamoja na tarehe ya kufa kwa baba yake. Akakubali, ila kwa masharti matatu: mtu asiguse herufi zenyewe, achore pembeni tu, asichane wala asibandike kitu juu ya maandishi, na asiyetaka kutia alama katika Biblia yake apewe daftari, asisutwe. Wakati ule niliyaona masharti yale kama kufungwa kamba. Leo ningeyatia mwenyewe hata kama mzee hangeyasema. Wanawake wawili walichagua daftari, na mmoja wao ndiye aliyechora vizuri kuliko sote.

Sasa, matayarisho. Jambo la kwanza ni majira. Huku kwetu huwezi kuita kina mama wakati wowote upendao. Machi na Aprili watu wanapanda, Mei wanapalilia, na kuanzia Oktoba kuna kuvuna, kubeba na kupukuchua mahindi. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni ya tohara. Kila mama ana mtahiriwa wake, wa dada yake au wa jirani, na hakuna atakayekusikiliza. Ndiyo sababu tulichagua Agosti ya 2025. Siku iwe Jumamosi, lakini mwanzo uwe saa tatu asubuhi, maana mwezi huo mvua hupenda kunyesha alasiri. Mvua ikipiga mabati ya kanisa, hata msomaji mwenye sauti ya tarumbeta hatasikika. Pia patakuwa na giza, na mtu akichora gizani ataumia macho.

Jambo la pili ni karatasi, na hapa nakuomba usome polepole. Karatasi ya Biblia si kama ya daftari. Ile ya kutolea nakala huwa na uzito wa gramu 80 kwa kila mita ya mraba. Ya Biblia aghalabu ni kati ya gramu 28 na 40. Ni nyembamba hivyo ili kitabu chenye kurasa zaidi ya elfu moja kiweze kubebeka mkononi. Kwa hiyo wino wa majimaji hupenya. Sikulijua hilo. Mara ya kwanza nilinunua makapeni za rangi nne kwa furaha kubwa, na mama mmoja akapiga mstari wa kijani kibichi kando ya Isaya. Alipofunua upande wa pili, kijani ilikuwa imekaa juu ya maneno kama ukungu juu ya mkate, na ukurasa uliofuata ulikuwa na madoa. Hakunigombeza. Alipuliza tu, akapuliza tena, kana kwamba kungekauka na kutoweka. Niliona haya.

Basi tumia penseli za rangi za kawaida, zile ndefu za mbao. Usizichonge zikawa kali kama sindano, kwa sababu ncha kali huchana. Zichonge halafu uzisugue kidogo kwenye karatasi taka hadi ncha iwe butu. Chini ya ukurasa unaochorwa weka kipande cha kadibodi, kwa mfano ubavu wa kasha la sabuni, ili mkono usiache makovu kwenye kurasa za chini. Kalamu ya biro hufaa kwa kuandika maneno machache, mradi mtu asibonyeze. Kreyoni za nta pia hazipenyi, lakini hugandia ukurasa wa mkabala Biblia ikifungwa, kwa hiyo weka karatasi safi katikati.

Kuna hila moja ya shule ya msingi ambayo nakusihi usiitumie: kupaka karatasi mafuta ya kupikia ili ionyeshe picha ya chini na uinakili. Kila mmoja wetu alichora ramani ya Afrika kwa njia hiyo. Katika Biblia mafuta husambaa na hayatoki tena. Nayo gundi ya unga wa ngano, ambayo ni rahisi na inashika vizuri, huwaita mende na panya. Ukitaka kubandika, bandika kwenye daftari.

Kwa watu 23 tulitumia pakiti sita za penseli za rangi zenye penseli 12 kila moja, penseli nyeusi za kawaida 12, vifutio vitatu, vichongeo vinne na makadibodi ya bure kutoka dukani. Vitu vya kununua tulivipata Webuye. Chakula kisitangulie kazi. Nasema hivi kwa sababu Agosti mahindi mabichi yako shambani, na mama akishashika gunzi la moto na kikombe cha chai ya maziwa, vidole vyake havifai tena kugusa ukurasa. Watu wachore kwanza, wanawe, wale baadaye wakizungumza. Halafu atengwe msichana mmoja wa kukaa na watoto wadogo nje, au sivyo utaona Mwanzo sura ya kwanza ikiumbwa upya kwa nyekundu.

Hayo yote nimeyataja haraka kwa kuwa ni mepesi. Mtu yeyote mwenye akili zake atayapanga. Sasa nije kwenye lile lililonishinda.

Siku ile ya Agosti nilijiona mwerevu. Nilikuwa nimeandika aya 23 tofauti kwenye vikaratasi 23, nikavikunja, nikavitia kwenye ungo. Kila mama achukue kimoja, asimame, asome kwa sauti, halafu aitafute aya hiyo katika Biblia yake na achore. Kwangu ilikuwa kama mchezo wa bahati nasibu. Wa kwanza akasoma, wa pili akasoma, watu wakapiga makofi. Zamu ya kukhu ikafika.

Akakishika kikaratasi. Akakifunua. Akasema, “Nimesahau miwani.”

Nami, mjinga wa wajinga, nikainuka mbio nikaazima miwani ya mama aliyeketi mbele, nikamletea. Msomaji, nimelelewa katika boma moja na kukhu tangu nizaliwe na sijamwona na miwani hata siku moja. Lakini je, nilifikiri? Sikufikiri. Kukhu akaivaa. Akakitazama kikaratasi kwa muda. Kanisa likatulia. Halafu akainua uso, akatazama dirishani, akaikariri Zaburi ya 23 yote tangu mwanzo hadi mwisho bila kukosea neno. Aya iliyokuwa kwenye kikaratasi ilikuwa ya Mithali. Niliiandika mwenyewe, naijua.

Kina mama wakaitikia “Amina” kwa nguvu kuliko walivyowaitikia wengine. Hakuna aliyecheka. Kukhu akaivua miwani, akaikunja taratibu, akamrudishia mwenyewe na shukrani. Akasema anakwenda kumwangalia ng’ombe. Hakurudi.

Jioni nilimpelekea mahindi aliyoyakosa. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na moto, na hakuonekana kukasirika. Nilikaa kimya, halafu macho yangu yakapanda hadi kwenye kile kitambaa cha ukutani. Nikashindwa kujizuia.

“Lakini kukhu, si uliandika kile?”

“Nilishona,” akanijibu. “Bibi ya mwalimu ndiye alichora kwa penseli. Mimi nikafuata mstari na sindano. Hata angeniandikia matusi, ningeyashona tu na kuyatundika hapo.”

Tukacheka wote wawili, kisha mimi nikaacha kucheka. Akaniambia kwamba ndugu zake wa kiume walipelekwa shule, yeye akabaki na ng’ombe na kubeba watoto wa wengine. Baadaye akaolewa. Zaburi aliijua kwa kuisikia. Nyimbo alizijua kwa kuziimba. Biblia aliibeba kila Jumapili kwa sababu mwanamke wa kanisa hubeba Biblia, na mhubiri akitaja kitabu yeye huufungua popote na kutulia. Mwishoni akanishika mkono: “Mjukuu wangu, siku nyingine usinipe karatasi mbele ya watu.”

Usiku ule sikulala upesi. Niliwaza: mimi ndiye niliyekuwa nikiwafunza kina mama jinsi ya kuweka alama katika Biblia, na sikujua kama mama wa baba yangu anaweza kuisoma. Ninapata alama nzuri za ufahamu darasani, lakini ufahamu wa nyumbani ulikuwa umenipita.

Kwa hiyo Desemba tulipoandaa tena, tulibadilisha karibu kila kitu, na utaratibu ninaoueleza sasa ndio ninaoupendekeza.

Kwanza, tulichukua kisa kimoja kwa watu wote badala ya aya nyingi. Tulichagua kitabu cha Ruthu. Kina sura nne tu na aya 85, kwa hiyo chote husomwa kwa kikao kimoja. Tena ni kisa cha wanawake wajane, njaa, mashamba na mavuno, na Desemba watu wa Bokoli wamemaliza kuvuna juzi. Hakuna haja ya kueleza kuokota masazo ni nini kwa mtu ambaye ameyaokota.

Pili, hakuna aliyetakiwa kusoma kwa sauti isipokuwa waliokubali mapema. Mama alisoma kwa Kiswahili sehemu fupi fupi, na mwenzake akaisimulia kila sehemu kwa Lubukusu, kwa maneno yake mwenyewe, na mikono juu. Hili lina sababu zaidi ya ile ya kukhu. Marafiki, au Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, na Biblia nzima ya Lulogooli ilitoka mwaka 1951. Ile ya Kiswahili ya Union Version, ambayo wengi wetu tunabeba hadi leo, ikatoka mwaka 1952. Kina mama wa rika la kukhu, basi, waliimba kwa lugha moja, wakahubiriwa kwa nyingine, na wakilia wanalia kwa Lubukusu. Kisa kikisimuliwa kwa lugha ya kulilia, mtu huchora upesi.

Ruthu na mkwewe walipofika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri, kina mama wakaanza kupigana viwiko. Kama ujuavyo, Wabukusu humpa mtoto jina la majira: Nafula ni wa wakati wa mvua, Nasimiyu wa kiangazi, Nanjala wa njaa, na Nekesa ni wa mavuno. Wakasema Ruthu alifika kwa wakati wa akina Nekesa. Kelele zilikuwa nyingi kidogo, nikataka kunyamazisha watu, mama akanikonyeza niache.

Tatu, kuchora kulitangulia kuandika. Kila mtu alipewa kipande cha kalenda kuukuu, upande mweupe, achore kitu kimoja tu alichokiona katika kisa: kitu kinachoshikika. Usiwaambie watu wachore “imani” au “upendo,” watakutazama. Waambie wachore kitu. Tulipata jembe, mtungi, ungo, suke, njia ya miguu, mlango. Yule wa daftari alichora miguu miwili ya wanawake wanaotembea, miguu tu, na mmoja una kandambili iliyokatika. Baada ya kujaribu kwenye kalenda ndipo picha ilihamishiwa pambizoni, ndogo kama kidole gumba. Pambizo za Biblia zetu ni nyembamba, si kama za senge, na nadhani hilo lilisaidia. Huwezi kujidai msanii katika nafasi ya kidole gumba.

Nne, ukiwa mwandalizi usimwulize mtu picha yake ina maana gani. Akitaka atasema. Tulipofika sura ya nne, pale wanaume wanapokutana langoni kujadili shamba la marehemu mume wa Naomi, kanisa lilinyamaza kwa namna ambayo sikuitarajia. Mama mmoja, ambaye aliachwa mjane na bado ana kesi ya mpaka, alichora mstari wa mikonge kando ya ukurasa, mmoja baada ya mwingine, hadi chini kabisa. Aliyeketi karibu naye akamsogezea penseli ya kijani. Hakuna aliyeuliza. Ningekuwa yule mimi wa Agosti, ningemwita mbele atueleze.

Tano, na hili ndilo lililotokana na kitambaa. Niliwatangazia wote, bila kumtazama mtu, kwamba ye yote anayependa herufi zake zipendeze anaweza kuniambia neno, nitamwandikia kwa penseli nyepesi, naye afuate mstari kwa rangi, kama vile mtu anavyotarizi. Nilisema “zipendeze” kwa makusudi. Sikutaja kusoma wala kutojua. Nilidhani nitakuwa nikimwandalia kukhu njia peke yake. Wanawake watano walikuja! Mmoja wao ni mweka hazina wetu, ambaye huhesabu sadaka haraka kuliko mwalimu wa hesabu na hajawahi kupotewa na shilingi. Nilikuwa nimemwona miaka yote na daftari lake la hesabu. Kumbe majina ndani yake huandikwa na bintiye, yeye hujua nambari. Kama si neno “zipendeze,” pengine nisingejua, na yeye asingechora kitu siku ile.

Nimeulizwa na rafiki zangu, je, huko si kudanganya, mtu kufuata mstari wa mwingine? Kwani sisi darasa la kwanza tulifanya nini? Mwalimu aliweka vidotidoti, tukaviunganisha.

Kukhu alikuja wa mwisho. Alikuwa ameshachora ungo karibu na mahali Naomi na Ruthu wanapoingia Bethlehemu, ungo mzuri wenye mistari ya kusukwa. Nikamuuliza niandike neno gani. Nilitarajia Zaburi. Akasema, “Andika Nekesa.”

“Nekesa nani, kukhu?”

“Mama yangu.”

Sikuwahi kulisikia jina la mama yake. Alikufa zamani, hakuwa na kitambulisho wala picha, na kaburi lake liko katika shamba lililouzwa. Jina lake halikuwa limeandikwa mahali po pote, hata kwenye ukurasa wa mbele wa Biblia ya mtu. Nikaandika herufi sita kubwa, nyepesi, chini ya ungo. Kukhu akachagua nyekundu. Ilimchukua karibu nusu saa. Alianza kila herufi kutoka juu, akavuta polepole, na kwenye kona akatua kama mtu anayegeuza kitambaa. Penseli ilikatika mara moja, nikaichonga. Watu walikuwa wameshanawa mikono na kuanza kula, na mahindi safari hii yalikuwa makavu, yamechemshwa na maharagwe. Hakuinua kichwa.

Alipomaliza akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. “Hii inaitwa nani?”

“Ni N, kukhu.”

“N,” akasema.

Gharama ya siku hiyo ilikuwa ndogo kuliko ya Agosti kwa sababu penseli zilikuwako bado. Tulinunua tu vifutio, majani ya chai na sukari. Tumepanga kukutana tena likizo ijayo, na kina mama wameomba tusome Yona. Mwenye kadibodi nyumbani asitupe.

Jioni ya siku ile nilikwenda kwa kukhu kumsaidia kufunga kuku. Alinikabidhi simu yake nimwashie tochi. Akasimama chini ya kitambaa chake cha ukutani, akaanza kupitisha kidole juu ya uzi mwekundu, herufi kwa herufi, tangu upande wa kushoto. “Hii hapa,” akasema. Akaendelea. “Na hii.” Alizipata tano. Ya sita ilikuwa imefunikwa na kalenda, akaniambia niishushe.